Miaka 18 natoa magari ya watu bandarini: langu liwe na paa au lisiwe nalo?

Shangazi, assalam aleikum.

Mimi ni mwanamke wa miaka 43, mzaliwa wa Mombasa, na kazi yangu ni klaringi. Magari ya watu yanashuka Kilindini, mimi nakimbizana na makaratasi yake mpaka yatoke getini. Mwaka huu natimiza miaka 18. Nimetoa Probox, malori, ambulensi, hata gari la kubebea maiti. La kupenda mwenyewe sijawahi kulitoa. Nililo nalo ni Vitz, kigari kidogo cha Toyota, nililonunua kwa mwalimu mmoja aliyekuwa akihama, na silisemi kwa ubaya, limenilelea mtoto.

Niliachika miaka 9 iliyopita. Naishi Tudor, ghorofa ya pili, pamoja na mama yangu mwenye miaka 71 na binti yangu wa kidato cha tatu. Mama ana magoti, kila mwezi ana kliniki. Pesa nimeweka kidogo kidogo. Sikukopa, riba siitaki, na karo ya binti iko kando, haiguswi. Nayasema mapema usije ukaniuliza.

Sasa nimeamua kujiagizia gari la spoti. Usinicheke.

Magari ni mawili. La kwanza ni Toyota 86: paa la bati, viti vinne, injini ya sisi (cc) 1,998, nguvu za farasi 200 na kidogo, gia za mkono. La pili ni Mazda Roadster, lile ambalo nje ya Japani huitwa MX-5: viti viwili, sisi 1,496, farasi 132, paa la turubai la kukunja. Yote ni ya mwaka 2019, kwa hiyo sheria ya kutoingiza nchini gari lililozidi miaka 8 haiyagusi. Karatasi za mnada ninazo mkononi, gredi 4 na nusu, na chini hakuna kutu iliyoandikwa.

Hesabu ya ushuru naijua usingizini. Injini ikivuka sisi 1,500, ushuru wa bidhaa unapanda kutoka asilimia 20 hadi 25, na huo unapigwa juu ya thamani iliyokwisha kuongezwa ushuru wa forodha wa asilimia 35. Kisha VAT ya asilimia 16 juu ya vyote. Na KRA, hao watoza ushuru wa Kenya, hawajali umelinunua mnadani kwa bei gani. Wana orodha yao ya bei, wanakata uchakavu kwa umri, basi. Hapo Roadster linanipa nafuu. Lakini 86 lina viti vinne, lina bodi gumu, halina turubai la kuchanwa na kisu. Kila nikipiga hesabu 86 linashinda.

Ila kuna jambo moja. Kuna wakati nilimtolea mteja Roadster kama hili. Lilitoka yadi usiku, mwenyewe anakaa Nyali, akaniambia nimpelekee alfajiri kabla hajasafiri. Niliswali, nikatoka. Lile paa unafyatua kishikio kimoja tu pale juu ya kioo, unalisukuma nyuma hata hujainuka kitini. Nikasema nilifungue kidogo, nani ataniona saa hizi? Nilipofika daraja la Nyali maji yalikuwa yamekupwa, ile harufu ya matope ya mikoko ikanijaa, juu yangu mbingu inaanza kuwa nyeupe. Hijabu ilinipeperuka mara moja, nikaikaza kwa pini. Kufika Kongowea wanakaanga mahamri na mafuta yake nikayasikia kama niko jikoni. Shangazi, nilicheka peke yangu kama mwehu. Dakika 20 tu, halafu nikampa mtu ufunguo wake, nikarudi kwa matatu.

Kakangu mkubwa amenuna. Anasema mwanamke aliyeachika, amevaa buibui, kwenye gari lisilo na paa, huko ni kujinadi barabarani. Kama ni lazima, nichukue lile la paa, angalau lina heshima. Mama hajanikataza. Amesema tu, "Mwanangu, wataka kukaa wazi hivyo, jicho la watu utalikinga na nini?" Shoga yangu wa kazini anasema nichukue la wazi, kwani ninamngoja nani? Binti yangu aliruka kwa furaha, halafu akanyamaza, akauliza, "Kwani mimi na Bibi tutakaa wapi?" Na kakangu alipoona siku zinapita sijaamua, akanipiga na methali: mchagua nazi hupata koroma.

Gari nalilaza uani chini ya mwarobaini, na kunguru wa Mombasa unawajua. Vitz nitaliuza lijaze pengo la ushuru. Nikipiga hesabu nachukua la paa. Nikifumba macho niko darajani. Nifanyeje?

Mtoa Magari ya Watu, Tudor


SHANGAZI ANAJIBU

Wa aleikum salaam, mwanangu.

Kukucheka sikukucheka, ila pale kwenye gari la maiti nilitabasamu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nayo ndani ya tuktuk, nikienda sokoni Markiti. Nitakueleza kwa nini tuktuk ina maneno yake hapa.

Nikikuelewa vizuri, una pesa yako ya halali na magari mawili mbele yako, na nyumba nzima imeshayapa majina. Lililofunikwa limeitwa heshima. Lililo wazi, kakako ameliita kujinadi, mama ameliona jicho, shoga yako ameona ruhusa. Wewe umeshika karatasi za mnada na hujui tena kama unachagua gari au unachagua jina la kuitwa. Binti yako peke yake ndiye aliyeuliza habari ya viti. Huyo mtoto ana akili, mshikilie.

Kuna kitu nimekiona katika uandishi wako. Ulipokuwa kwenye 86 umenipa tarakimu. Ulipofika kwenye Roadster umeniamsha alfajiri, ukanivusha daraja, ukanipakulia mahamri. Ungedhani nitakwambia basi, moyo umeshasema. Sisemi hivyo. Mtu aweza kuipenda asubuhi ile bila kulipenda gari. Umenitajia mwaka wa kuachika, umri wa mama, mwaka wa magari, hata sisi za injini kwa usahihi wake, lakini asubuhi ile hukuipa tarehe, umeandika tu "kuna wakati". Ilikuwa lini? Ulikuwa umetoka kwenye nini? Kama ilikuwa miezi michache baada ya talaka, hata Probox lenye vioo vilivyoshushwa lingekuchekesha darajani. Na kama ilikuwa juzi tu, nyumba imetulia na mambo yako yamenyooka, basi hilo ni jambo jingine na lina uzito wake.

Jaribio lake ni rahisi na halina ushuru. Siku moja wiki hii, ukishaswali, chukua Vitz lako, shusha vioo vyote vinne, pita daraja la Nyali saa kumi na mbili kasoro. Uone umepata robo ya ile raha, au nusu, au hukupata kitu. Jibu lolote utakalolipata litakufaa kuliko mahesabu ya KRA.

Sasa tuje kwa kakako. Mimi sitamtukana, na wewe usimtukane. Lakini nimekwambia nilikuwa kwenye tuktuk. Nilikaa mle na buibui langu, milango haina, upepo unaingia huku unatokea kule, tumekwama kwenye foleni watu wa pande zote mbili wananitazama na mimi nawatazama. Hakuna aliyesema Shangazi anajinadi. Wanawake wa mji huu wanakaa wazi kila siku, kwenye tuktuk na kwenye bodaboda, na stara yao iko pale pale kwa sababu wameivaa mwilini. Kwa hiyo nikamuuliza kakako moyoni mwangu: wewe kinachokukera ni paa kutokuwapo, au ni dada yako kushika usukani wa kitu ambacho hakuna mwanamume aliyemnunulia?

Usimwulize hivyo lakini. Namjua wa aina yake, nimezaliwa nao watatu. Ukimpiga na tuktuk mbele ya watu atanuna mpaka Idi. Mwulize anachokiogopa kwa jina lake. Pengine ni masengenyo ya baraza. Pengine ni vijana wa kupokonya mikoba kwenye foleni ya Makupa, na hapo ana hoja, kwa sababu gari la wazi lililosimama kwenye msongamano ni mkono mmoja tu na simu imekwenda. Pengine anaogopa wateja watasema yule mama wa klaringi amepata wapi pesa. Hofu hizo tatu kila moja ina dawa yake, na ni moja tu kati yake inayotibiwa na paa.

Na neno heshima nalo lataka kuangaliwa. Unadhani 86 litakupitisha kimya kimya? Gari la milango miwili, limelala chini, ekzosi inanguruma, linashuka Digo Road saa nane mchana: watoto wa shule watasimama. Jumapili jioni ukiegesha Lighthouse kula mihogo, watu watachungulia ndani kuona ni nani, na kioo kikiwa cha giza ndiyo watazidi kuchungulia. Kama unataka kutotazamwa, kati ya haya mawili hakuna litakalokusitiri. Vitz ndilo linalokusitiri. Kwa hiyo la jicho ambalo mama amelisema, ambalo mimi silidharau, litakufuata kwenye yote mawili. Mwombe mama akusomee dua ufunguo ukifika, awe na sehemu yake katika jambo hili. Atapoa kuliko ukimbishia.

Haya, gari lenyewe. Mimi leseni yangu nimeiacha ikafa, kwa hiyo nilimwendea fundi ninayemwamini, mtu aliyeanza kushika spana hana ndevu, nikamsomea barua yako bila kutaja Tudor. Alipofika kwenye mwarobaini akaweka chai chini.

Akasema turubai la gari katika Mombasa lina maadui wanne: jua, chumvi, ukungu na hao kunguru, wageni wetu kutoka Bara Hindi waliokataa kuondoka. Kinyesi cha kunguru kwenye bati unakifuta, na hata hapo ukichelewa kinakula rangi. Kwenye turubai kinazama katika nyuzi. Majani ya mwarobaini ni madogo, yanateleza mpaka kwenye vile vijia vya maji vilivyofichwa nyuma ya viti, mvua ikinyesha maji hayana pa kutokea, yanamwagikia ndani chini ya zulia na wewe hujui. Unakuja kunusa uvundo, kumbe bati la sakafuni limeshaanza kuliwa. Paa ukilikunja likiwa bichi linaota ukungu kwa hewa yetu hii nzito. Nikamwuliza, je, akilifunika kwa turubai kubwa la kufunikia gari? Akacheka. Unyevunyevu utanaswa chini yake kama wali kwenye sufuria.

Hakusema usinunue. Alisema mwenye gari lile lazima awe na banda, awe na maji baridi ya kuliosha chumvi kila wiki, apake raba za paa dawa yake zisikauke, na azibue vile vijia kabla ya mvua. Ni kazi ya saa moja ya Jumamosi. Kuna watu saa hiyo ndiyo raha yao, na kuna watu itawachosha kabla ya mwezi wa tatu. Wewe ni yupi? Vitz lako mara ya mwisho uliliosha mwenyewe lini?

Kisha kuna saa za kulifungua. Wewe ulilifungua alfajiri, saa tamu kuliko zote. Saa sita mchana Moi Avenue, jua liko utosini, paa utalifunga mwenyewe bila kuambiwa, uwashe AC kama watu wote. Masika ikiingia, kuanzia Aprili, Mei ndiyo inamwagika hasa, halafu kusi inavuma na rasharasha zake, zitapita wiki nzima hujafyatua kile kishikio. Kaskazi ndiyo majira yako, Desemba mpaka Machi, alfajiri na baada ya saa kumi na moja jioni. Nikijumlisha naona unanunua gari la kufunguliwa saa mbili tatu kwa siku, kwa miezi kadhaa ya mwaka. Sasa usidhani nakuvunja moyo. Bibi yangu alikuwa na kanga za doti moja alizozivaa siku za harusi tu, na aliziweka sandukuni kwa karafuu miaka 30. Hakuna aliyemwambia amepoteza pesa. Ila yeye alikuwa na nguo nyingine za kila siku.

Tuligeukie la paa gumu, maana limekaa kwenye barua yako kama mchumba aliyeletwa na wazee, hakuna anayemhoji. Uzuri wake ni wa kweli. Bodi lenye paa la bati halijipindi kama lililokatwa juu, unaliacha mahali bila kuogopa kisu, kunguru wanakuwa kero tu. Lina uzito wa zaidi ya kilo 1,200 wakati Roadster liko kwenye tani moja na kidogo, na nguvu zake za ziada kwenye barabara ya Malindi utazisikia. Lakini injini yake ni ya Subaru, silinda zimelala ubavuni, na fundi wangu anasema hata kubadilisha plagi ni kuingiza mkono mahali mkono hautaki kuingia. Si ugonjwa, ni usumbufu unaolipiwa. Chumvi nayo haijali paa. Chini ya gari, kwenye mabomba ya breki na ekzosi, yote mawili yataliwa sawasawa usipoyaosha.

Hivyo viti vinne, mwanangu, umevihesabu kwenye karatasi. Je, umeshakaa nyuma ya 86? Pale panafaa mkoba na mtoto wa chekechea. Binti yako wa kidato cha tatu atakaa amekunja shingo mpaka Mtwapa. Na mama, huyo wa magoti, hata kiti cha mbele ni mtihani, kwa sababu magari haya ya chini unaingia kama unavyoingia mtumbwini: unatanguliza makalio, kisha unavuta miguu, na kutoka ni kinyume chake na mtu wa kukushika mkono. Wewe na buibui lako utazoea. Miaka 71 haizoei. Kwa hiyo ile hoja kwamba 86 ni la familia na Roadster ni la ubinafsi, mimi naona imesimama juu ya viti viwili ambavyo hakuna mtu wa nyumba yako atakayevikalia kwa raha. Huenda nimekosea. Lipo 86 mahali fulani mjini humu, na wewe unawajua wateja wako. Omba ukae, umkalishe binti nyuma, mzunguke mtaa mmoja.

Ukishalikalia lipitishe kwenye matuta. Chini ya 86 kuna sentimita 13 tu, chini ya Roadster kama 14. Kama mna jamaa ng'ambo ya Likoni, unajua mlango wa feri unavyoinama maji yakipwa. Bampa litabusu chuma siku moja, na utalilia kwa sauti.

Lipo na la tatu ambalo hukulitaja, na sijui kama umelikataa au umelisahau. Mazda walitoa Roadster RF mwaka 2016. Paa lake ni gumu, linajikunja kwa mota kwa sekunde 13, gari likiwa linakwenda chini ya kilomita 10 kwa saa. Likifunguka halifunguki lote, nguzo za nyuma zinabaki, upepo unaingia kwa adabu zaidi. Kisu hakiliwezi na kunguru hawalizamishi. Lakini kwa wanunuzi wa Japani lina injini ya lita 2, kwa hiyo ile nafuu yako ya kutozwa ushuru wa asilimia 20 badala ya 25 imekwenda. Mota na nyaya za paa ni vitu vya kuharibika katika hewa ya chumvi, viti ni viwili vile vile, na sina hakika kama mtu anayetaka ile asubuhi ya darajani ataridhika na nusu yake. Wengine wanaridhika kabisa. Wengine wanabaki na hamu mbili.

Sasa nije penye kunikwaza. Umeandika sentensi moja fupi karibu na mwisho, kana kwamba haina kitu: "Vitz nitaliuza." Mwanangu, magari yote mawili unayoyatamani ni magari ya pili. Ni kanga za sandukuni. Lakini wewe unataka kuuza nguo ya kila siku. Siku ya kliniki mama ataingia nini? Utamwitia teksi? Hiyo nayo ni njia, nafuu kuliko watu wanavyodhani, mradi uwe umeihesabu na mama awe ameikubali, asije akajiona amehamishwa kwenye gari la mtoto wake. Binti akitoka shule ya bweni na sanduku lake na godoro? Buti la Roadster linameza mikoba miwili laini. Bila Vitz, kila lawama itaangukia gari jipya, na kila ukilifungua paa utamwona mama amesimama getini na fimbo. Hapo hata asubuhi ya darajani itachacha.

Pengine basi swali halijafika kwenye paa bado. Pengine ni kama ungoje, uweke akiba mwaka mmoja zaidi, uagize moja ya haya na Vitz libaki uani. Hasara yake unaijua kuliko mimi. Shilingi inaweza kushuka, ushuru unaweza kupanda bajeti ikisomwa, na karatasi ulizo nazo zitakuwa za magari yaliyokwisha kununuliwa na wengine. Pia kuna hasara ya kungoja yenyewe. Miaka 18 umengoja, na mtu akizoea kungoja huanza kuona kungoja ndiyo tabia njema. Sitaki nikuongezee hilo. Mzani huu uko mkononi mwako.

Na methali ya kakako usiitie moyoni sana. Ni kweli mchagua nazi hupata koroma. Lakini mimi nimenunua nazi Kongowea maisha yangu yote, na sijaona mwanamke wa Pwani anayeichukua bila kuitikisa kwanza sikioni. Wewe umetikisa karatasi. Hujatikisa gari lenyewe, wala hujamtikisa mama, maana sioni popote kwenye barua yako ulipomwuliza yeye anataka kupandishwa nini.

Mwulize kesho. Binti awepo, kakako asiwepo. Na Vitz usilitangaze kwa wanunuzi mpaka uniandikie mama amesema nini.

Wako,
Shangazi